Mafunzo Niliyopata Nikiwafundisha Wanangu Nyumbani, Balangdalalu

Wazazi wenzangu wa huku Balangdalalu wameniuliza mara nyingi niliwezaje kuwafundisha watoto kusoma kabla hawajavaa sare, ilhali mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Anayeuliza ana nia ileile niliyokuwa nayo: mtoto wake aingie darasani akiwa na kitu kichwani, asiwe wa kukaa nyuma akitazama midomo ya wenzake. Naandika kwa ajili yao, na hasa kina mama wa Hanang na Mbulu ambao shule iko mbali, mvua ikinyesha korongo linajaa, na mtoto wa miaka mitano hawezi kuvuka.

Niliweke wazi jambo moja la sheria, maana nimesikia watu wakichanganya. Marekani majimbo yote 50 yanamruhusu mzazi kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule. Ujerumani wanamkatalia. Kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Kwa hiyo sijawahi kumzuia mtoto wangu kwenda shule. Ninayoyasimulia ni ya miaka kabla ya darasa la kwanza, ya jioni baada ya shule, na ya ile miezi ya 2020 ambapo nchi nzima ilifunga shule.

1. Hesabu ianze kwa lugha ya nyumbani

Nyumba yetu ina lugha tatu. Mimi ni Mwiraqw wa upande wa Mbulu, baba watoto ni Mbarabaig, na shule inafundisha kwa Kiswahili. Wataalamu wa lugha wanaipenda sana sehemu yetu. Kiiraqw ni Kikushi, Kidatoga cha Wabarabaig kiko upande wa Kinailoti, Kiswahili ni Kibantu, na Wahadzabe wa Yaeda Chini, hapo hapo wilayani Mbulu, wana lugha yao yenye milio ya ulimi isiyofanana na yoyote kati ya hizo. Kwa mtaalamu huo ni utajiri. Kwa mtoto aliyefika shuleni leo asubuhi akiwa na lugha ya mama yake tu, ni ukuta.

Kifungua mimba wangu alianza darasa la kwanza mwaka 2014, na mwaka mmoja kabla yake nilijitahidi kumjengea Kiswahili cha namba. Nilimfundisha moja mpaka mia kwa wimbo, akashika haraka, wageni wakamsifu. Siku moja nilikuwa nawasha moto nikamwambia aniletee magunzi matano. Akaleta ya kujaza mikono miwili. Nikamrudisha alete matatu, akaleta vilevile. Ndipo nikamwambia matano kwa Kiiraqw. Akaenda, akachagua, akarudi na magunzi matano kamili, tena ameyapanga kwa urefu.

Nilishangaa sana. Mtoto alijua tano ni ngapi tangu zamani. Kile nilichokuwa nimemfundisha kilikuwa wimbo, na wimbo haukuwa umegusa magunzi. Tangu hapo tulianza na wak, tsar, tam, tukiweka mbegu za mahindi chini moja moja, kisha nikataja jina la Kiswahili juu ya zile zile mbegu. Kidatoga akakipata kwa bibi yake. Idadi ikishakaa vizuri kichwani kwa lugha moja, jina la pili na la tatu hayamsumbui mtoto hata kidogo.

Kusoma kulikwenda njia hiyo hiyo. Agano Jipya la Kiiraqw lipo, nasi tunalo nyumbani. Mtoto akiunganisha herufi na neno likatokea analolijua, utaona uso wake unabadilika, kwa sababu amegundua kwamba karatasi inaongea. Akiunganisha herufi na neno la Kiswahili ambalo hajawahi kulisikia, amesoma sawa lakini hana namna ya kujua kwamba amesoma sawa. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usione haya kwa lugha yako mbele ya mtoto. Mpe Kiswahili pia, mpe kila siku, kwa salamu, kwa kutumana vitu, kwa redio. Ila msingi uuweke penye udongo mgumu.

2. Zizi lina masomo mengi kuliko daftari

Mwanzoni nilitaka mtoto akae mkekani anapofundishwa, miguu ameikunja, macho kwenye daftari. Watoto wa miaka minne hawakai hivyo. Nilichokuja kukiona ni kwamba kila siku jioni, bila mtu kuwaita, walikuwa tayari kwenye somo: ng'ombe wanarudi, ndama wanalia, mbuzi wanagawanywa.

Mama mkwe wangu alikuwa hahesabu ng'ombe wake. Alisimama mlangoni mwa zizi akawatazama wakiingia, na mmoja akikosekana alijua ni nani kwa rangi yake, kwa pembe, na kwa mama yake. Nikamuuliza mwanangu wa pili kama naye anaweza. Alikuwa hajafika miaka sita. Akawataja ndama wote, nani mtoto wa nani, nani kaka wa nani kwa mama mmoja, nani amezaliwa kabla ya mvua na nani baada. Wale wanaotunga mtaala wanaita kazi hiyo kuainisha, na kwenye darasa la awali inafanywa kwa vizibo vya soda na vipande vya karatasi za rangi. Mtoto wangu alikuwa akiifanya kwa viumbe hai vinavyotembea.

Basi nikaanza kuuliza maswali pale pale. Mbuzi wa kwetu wangapi, wa jirani waliochanganyika wangapi, tukiwatoa hao wanabaki wangapi? Kibuyu hiki cha maziwa kinajaza vikombe vingapi? Sado ngapi za maharage zinajaza debe? Tupime wenyewe, usikisie. Alizeti ikivunwa tunapanga magunia kwa safu, safu nne zenye magunia matatu, na hapo kuzidisha kumekwisha kuingia kabla mtu hajataja jedwali. Daftari la mraba lilikuja baadaye, kuandika kile ambacho mkono ulikwisha kukifanya.

Mwalimu Nyerere, ambaye alichunga mbuzi wa baba yake huko Butiama na akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka kama kumi na miwili, aliliandika jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alilalamika kwamba shule tulizorithi zilimfanya kijana aamini maarifa yote yako vitabuni au kwa waliosoma, na kwamba wazee wake hawana la kumfunza. Nilisikia habari za kijitabu hicho nikiwa mwanafunzi, kama jambo la kujibia mtihani. Nilikielewa nikiwa nimeshika kamba ya ndama.

Lakini kuna tahadhari, nayo naisema kwa uzito. Zizi linafundisha pale mtu mzima anapouliza na kusikiliza. Mtoto aliyeachwa na mifugo porini kutwa nzima, peke yake, mwezi baada ya mwezi, hafundishwi na mtu. Anafanya kazi ya mkubwa na anakosa shule. Asije mtu akalitumia funzo langu kumbakiza mvulana machungani.

3. Mwalimu hodari kuliko mimi hakujua kusoma

Huyo ni mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Hakuwahi kushika kalamu. Usiku, moto ukiwa umepungua, alisimulia hadithi za sungura na fisi kwa Kidatoga, na alikuwa na desturi moja ambayo mimi niliiona ni usumbufu mpaka nilipoielewa. Alikatiza hadithi mahali penye utamu na kumgeukia mtoto mmoja: hapo fisi alikuwa anajua nini ambacho sungura hakukijua? Mtoto asiyejibu, hadithi haiendelei, na wenzake wanamkazia macho.

Asubuhi nilimwambia mtoto anisimulie mimi hadithi hiyo kwa Kiswahili, kwa sababu Kidatoga changu kilikuwa bado cha mgeni aliyeolewa. Alikwama, alitafuta maneno, aliniuliza, aliyapata. Nilikuwa sijapanga somo lolote. Nilitaka tu kujua walicheka nini jana usiku.

Alipofika darasa la pili, mwalimu wake aliniambia kwamba watoto wengi darasani wanaweza kutamka maneno yaliyo kwenye kifungu, lakini akiwauliza kifungu kimesema nini wanamtazama tu, na kwamba huyu wangu anajibu hata kwa swali la kwa nini. Tangu mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo umekazia kusoma, kuandika na kuhesabu, zile K tatu, na katika kusoma kuna ufahamu ndani yake. Ufahamu wa mwanangu ulitoka kwa bibi aliyekuwa hajui a wala be.

Kama mnaye mzee nyumbani, mpeni nafasi hiyo mapema. Msisubiri mpaka mje kumkumbuka. Nami nawaomba kina mama vijana mnaohamia Katesh, Babati au Arusha: simu mnazo, mpigieni bibi jioni awasimulie wajukuu, hata kama ni kwa dakika chache.

4. Muda mfupi, lakini kila siku

Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Kwetu hicho ni kipindi cha masika na palizi, kazi za shamba zimetujaa. Nilikuwa na mmoja wa darasa la saba mwenye mtihani wa taifa mbele yake, na mwingine wa awali. Nilipanga ratiba ya shule nzima, vipindi na mapumziko, nikaibandika ukutani. Haikudumu. Asubuhi ni ya shamba, mchana watoto wamechoka, na mimi nimechoka kuwazidi.

Kilichodumu ni nusu saa baada ya chakula cha jioni, taa ya sola katikati, kila mtu na lake. Mkubwa anasoma kwa sauti, mdogo anaumba herufi, mimi napepeta mchele wa kesho na kusahihisha kwa kusikiliza. Nilitarajia mdogo arudi nyuma. Juni ilipofika alikuwa anasoma silabi zote, na nadhani sababu ni kwamba hakuna jioni tuliyoiruka. Mkubwa alinufaika zaidi kwa kumfundisha mdogo kuliko kwa chochote nilichompa mimi. Kueleza kwa nini mbili ya kumi na mbili ni tofauti na mbili ya ishirini kulimlazimisha aielewe kweli.

Mwenye televisheni au simu nzuri ana msaada ambao mimi sikuwa nao. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, lina vipindi vya Akili and Me kwa watoto wadogo, kuhusu msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro. Kitinda mimba wangu alivikuta kwa jirani na akarudi akiuliza mbona wa Hanang hawana wa kwao. Nikamwambia atunge. Mpaka leo anatunga.

5. Mpeni binti jioni yake

Funzo hili liliniuma kuliko yote. Binti yangu alikuwa mwepesi wa kusoma kuliko kaka zake, kisha akaanza kubaki nyuma, na nilidhani amechoshwa na masomo. Jioni moja nikafuatilia kwa macho tu. Wavulana walifunga zizi wakaja kukaa kwenye taa. Yeye alirudi na maji, akasaga, akapika, akaosha vyombo, akamlaza mdogo. Alipofika kwenye taa, kaka zake walikuwa wanafunga madaftari.

Mimi ndiye niliyekuwa namtuma. Kila kazi ilikuwa ndogo, na kila kazi niliiona ni malezi mema ya msichana. Nilizungumza na baba yao. Sikuwa na hakika atalipokea vipi, kwa sababu kwao mvulana hashiki sufuria. Alinyamaza muda, kisha akasema vyombo vitaoshwa asubuhi na maji yatafuatwa na wavulana kwa punda. Mama mkwe alinung'unika, kisha akamwita binti akae karibu naye kwenye taa amsomee kilichoandikwa kwenye mfuko wa dawa ya mifugo.

Ukitaka kujua kama binti yako anasoma, usimuulize. Angalia anafika kwenye taa saa ngapi.

6. Swali la mtoto halingoji zamu yake

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hapa kwetu hakuna asiyekuwa na ndugu au rafiki upande ule. Kwa siku kadhaa watu wazima tuliongea kwa sauti za chini na kuwafukuza watoto wakacheze.

Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka sita, ameandikishwa kuanza darasa la kwanza Januari. Hakucheza. Aliniuliza kama mlima utaanguka tena, na kama utaanguka usiku. Nilitaka kumwambia hapana, lala. Lakini niliona akiamka usiku na kwenda mlangoni kusikiliza, na nikajua neno langu halijamtosha.

Nilikuwa nimesikia kwenye redio maelezo ya wataalamu wa serikali: sehemu ya mlima ilinyonya maji ya mvua, miamba dhaifu ikapoteza nguvu, ikameguka, ikashuka ikawa tope lililofuata mikondo ya maji. Basi tulikwenda nyuma ya nyumba, tukajenga vichuguu viwili vya udongo kwenye karai. Kimoja tulikipandikiza majani na mizizi yake, kingine tukakiacha kitupu. Akamwaga maji kwa kikombe, taratibu, akihesabu vikombe. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, akaanza kuchoka. Kisha kile kitupu kikakaa kimya kidogo na kushuka upande mmoja kwa mara moja. Aliruka. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: sisi tunakaa kwenye mkondo au pembeni ya mkondo?

Tulitembea pamoja tukatazama maji ya mvua yanapita wapi karibu na nyumba yetu. Alichora. Ilikuwa ramani yake ya kwanza, na mlima ameuweka katikati, mikondo ikishuka kama vidole. Usiku ule alilala. Simwambii mtu kwamba elimu inaondoa hofu yote, maana hata mimi mvua ikipiga sana naamka. Ila mtoto huyu alihitaji kujua jambo linavyotokea ili aache kuliwaza kama jini, na hakuna kitabu cha awali ambacho kingemfikishia jibu kwa siku aliyolihitaji. Mtu aliye karibu naye ndiye aliyekuwa na nafasi hiyo, hata kama ni mama wa darasa la saba mwenye karai na kikombe.

7. Mfuate mwalimu kabla ya Januari

Kwa muda mrefu nilidhani kumfundisha mtoto nyumbani ni kumsaidia mwalimu, basi, nikamkabidhi mtoto na kuondoka. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza alinieleza kwa upole kwamba mtoto wangu anaandika herufi kubwa tupu, kama nilivyomfundisha, na sasa inabidi azisahau ili ajifunze ndogo, huku darasa lina watoto wengi mno kwa mwalimu mmoja. Ningemuuliza mapema angeniambia, na angenionyesha jinsi wanavyoanza kuumba a na o.

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa yamejaa, nami nashukuru yamejaa, maana ndani yake wamo watoto wa majirani zangu ambao wasingefika. Lakini mwalimu mwenye darasa kama hilo hawezi kugundua peke yake kwamba mtoto fulani yuko kimya kwa sababu ya lugha na mwingine kwa sababu ya masikio. Wewe unajua. Mwendee Desemba, kabla ya heka heka ya kuandikisha kuisha, umwambie mambo machache: nyumbani tunaongea lugha gani, anahesabu mpaka ngapi kwa vitu na si kwa wimbo, anaogopa nini, nani atamfuata siku ya mvua. Muulize yeye anataka mtoto ajue nini, umsikilize mpaka mwisho.

Mwaka huu mwalimu wa awali wa shule yetu ametuomba kina mama tumsaidie orodha ya maneno ya kila siku kwa Kiiraqw na Kidatoga: maji, njaa, naumwa, nataka kwenda chooni, sijaelewa. Anataka ayabandike ukutani karibu na ya Kiswahili ili ayajue kabla watoto hawajafika. Ya Kiiraqw yamekwisha. Ya Kidatoga yanasumbua kidogo, kwa sababu bibi wawili hawakubaliani juu ya neno la "sijaelewa". Tunakutana tena Jumamosi baada ya mnada, chini ya mti uliopo mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenye mama mkwe anayejua Kidatoga cha zamani amlete, na mwenye mtoto wa miaka minne aje naye, kuna mbegu za kuhesabia.